Aliyepakuliwa Kwanza

Maji yaliyopita kwenye mtaro mbele ya mlango wa Kabura alasiri ile yalikuwa mekundu-mekundu, kama maji ya kuoshea nyama. Mtu mwingine angesema, haya, jirani leo kabahatika. Lakini nyama gani ingeingia ploti ile ya vyumba vya kupanga Machi ya mwaka 2009, wakati mahindi yenyewe yalikuwa yamepanda bei hadi watu hawaulizi gorogoro tena, ule mkebe wa kilo mbili, wanaomba kupimiwa kwa kikombe? Bungoma nzima ilikuwa inangoja mvua, na mvua nayo ilikuwa imenuna. Kabura alikuwa amechuchumaa akijaza makaa kwenye mikebe ya kuuzia. Aliyaona yale maji yakipita, akaona na punje moja iliyoponyoka ikibingirika ndani yake, nayo nyekundu. Mkebe ukamtoka mkononi.

Rangi ile aliijua. Ni ya dawa inayopakwa mbegu za mahindi ili wadudu wasizile ardhini. Huhitaji kusoma ili uijue, na Kabura alikuwa na sababu ya kutoisahau.

Upande wa pili wa ukuta Nasimiyu alikuwa akisuuza, beseni likigongwa-gongwa, huku akiimba pambio kwa sauti ya chini. Huyu Nasimiyu ni mwanamke mwema, na ni vizuri lisemwe mapema, maana huko mbele mtu anaweza kumchukia bure. Mumewe Wabwile alikuwa amekodi kipande cha shamba upande wa Kibabii, akapewa mfuko wa mbegu za msaada apande mvua ikishuka. Mvua haikushuka. Nao watoto wao wanne hawakujua habari za mvua, walijua habari za tumbo.

Kabura aliingia hata hodi hakupiga.

"Nasimiyu, hiyo mahindi umetoa wapi?"

"Karibu, Shosho. Si ni ile ya Wabwile ya kupanda." Shosho, yaani nyanya, ndivyo ploti ilivyomwita Kabura. Nasimiyu hakuwa na aibu wala siri. "Atapanda nini na hakuna mvua? Nimeosha na majivu, nimeosha na sabuni. Ona maji sasa. Safi kabisa."

"Hiyo si ya kura."

"Ai, Shosho. Hata kukhu, nyanya yangu, alikuwa anaosha hivi hivi, anachemsha, tunakula. Na ona vile nimenona." Alicheka, akijipiga mbavu ambazo ungeweza kuzihesabu juu ya nguo.

"Dawa ya zamani ilikuwa ingine. Hii ya siku hizi haitoki na maji."

"Wewe umejuaje?"

Hapo ndipo palikuwa pa kujibu. Kabura alikwepa. "Nasikia watu wakisema," alijibu, kisha akarudi chumbani kwake akaketi juu ya gunia la makaa. Nasimiyu akateleka sufuria jikoni. Mahindi makavu hayana haraka, yatachemka hadi jioni, kwa hiyo Kabura alikuwa na muda wa kutosha kujitesa.

Kabura ni Mkikuyu, na ulimi wake hugeuza l kuwa r. Kinywani mwake kura na kula ni neno moja. Watu wa ploti walizoea kumtania, naye zamani angecheka nao. Siku hizi hakucheka, kwa sababu maisha yake yalikuwa yameharibika kati ya maneno hayo mawili. La kwanza lilimchomea nyumba. La pili lilimwondolea mume.

Na hapa lazima jambo la mume lielezwe, maana ndilo lililoleta balaa yote. Kwa kina Kabura jina haliendi bure. Mtoto hupewa jina la mkubwa wake, na akishapewa jina, cheo kinafuata. Binti yake Ciru alichukua jina la mamake Kabura, basi Kabura alimwita "mama" tangu akiwa ananyonya. Mumewe wa ndoa, Gathii, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka wa mvua za El Nino. Miaka ikapita, Ciru akazaa mtoto wa kiume nyumbani bila bwana, na mtoto akapewa jina la babu. Siku ya kwanza Kabura alimpakata akasema, "Mume wangu amerudi."

Watu wanasema hivyo kwa mzaha, lakini Kabura aliufanya mzaha ule kuwa desturi ya nyumba. Mume wangu ameamka? Mume wangu leo hataki uji, anataka chai. Mtoto mwenyewe aliposhika maneno, akashika na cheo. Anaketi kwenye kigoda cha babu yake, miguu haifiki chini, anauliza, "Mke wangu, chakula iko wapi?" Ciru alikuwa anacheka hadi machozi yanamtoka. Na chakula kilipoiva, kabla ya mtu yeyote, sahani ya kwanza na iliyojaa ilikuwa ya Gathii. Mwenye nyumba hula kwanza. Hiyo ilikuwa sheria, na ilikuwa sheria tamu.

Walikuwa na shamba dogo upande wa Moi's Bridge. Kura ya mwaka 2007 ilipoharibika, nyumba yao ilichomwa pamoja na ghala, wakakimbilia Kitale na nguo walizovaa. Wakapewa hema kwenye kiwanja kilichojaa hema. Kila asubuhi Ciru alitoka kwenda kuwafulia watu nguo mjini, na mtoto akabaki na nyanya yake. Mwezi wa pili barabara zilifungwa, lori la chakula likakwama huko lilikokwama, na badala yake pikapu moja ikaleta mbegu. Afisa mmoja kijana akasimama juu ya pikapu akasema hizi ni za kupanda mkirudi makwenu, si za kula, mmesikia? Wakasikia. Kabura naye alisikia vizuri. Masikio yake hayakuwa na kosa lolote.

Lakini kurudi wapi? Na watoto wa hema za jirani walikuwa wamekaa wanamtazama, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiongoza jiko la chama cha akina mama tangu kanisani kwao, na mtoto akiona mpishi huona chakula. Akakumbuka mamake mzazi, jinsi alivyokuwa akiosha mbegu kwa majivu mwaka wa njaa. Akaosha. Maji yakatoka mekundu, yakatoka ya waridi, yakatoka meupe. Akachemsha kutwa. Akakiombea chakula, tena kwa sauti, akashukuru kwa riziki. Kisha akamwita Gathii aketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampakulia kwanza, akamjazia.

Wakati Kabura akizunguka hema kwa hema kuazima sahani za wale wengine, Gathii alikuwa amekwisha kumaliza yake. "Mke wangu," alimwambia Kabura aliporudi, "tumbo linaniuma." Kabura hakuwapa wengine hata punje. Sufuria nzima aliimwaga chooni. Ciru aliporudi jioni na mkate chini ya kwapa, alimkuta mwanawe amefunikwa kanga, miaka minne na miezi yake michache.

Watu wa afya walisema ni maji. Ilikuwa rahisi kusema ni maji, kwa maana watoto wengi kambini walikuwa wanahara. Na pale kaburini mchungaji akasema lile neno linalosemwa kila mazishi, ambalo mtu hulisikia hadi halisikii tena: tulimpenda Gathii, lakini Mungu alimpenda zaidi.

Ciru alikuwa kiongozi wa kwaya. Alikuwa amevaa kitambaa cha kwaya shingoni. Akakivua, akakitupa shimoni juu ya kijisanduku. "Kama kupenda kwake ndiko huku," alisema, "mimi asinipende." Kabura alikuwa amesimama karibu naye, bega kwa bega, na alijua neno ambalo lingemwondolea Mungu lawama ile. Ni neno dogo. Akalimeza. Tangu siku ile Ciru hakukanyaga kanisa, na jina la Mungu likitajwa mbele yake aliondoka, au alilitukana. Kabura alivumilia miezi kadhaa, kisha akashindwa. Akina mama wa kanisa wakamtafutia chumba Bungoma, akahama, akaanza kuuza makaa. Hakumpikia mtu tena. Hata mgeni akija, alimtuma dukani anunue mkate.

Na bado aliomba. Kila siku, magoti chini, Mungu mrudishe Ciru, Mungu mrudishe Ciru. Huo ni ujinga wa pekee, mtu kuukalia mlango mwenyewe huku akimwomba Mungu amwingize mgeni. Kabura aliujua ujinga huo. Aliogopa tu kusimama.

Basi aliketi juu ya gunia, na harufu ya mahindi ikaanza kupenya ukutani, harufu nzuri, hilo ndilo baya lake. "Baba," alimwomba Mungu, "tafuta mtu mwingine awaambie." Alingoja kidogo, kama kweli angekuja mtu mwingine. Hakuja. Upande wa pili mtoto mdogo wa Nasimiyu akauliza, "Mama, imeiva?" na mamake akajibu, "Bado kidogo. Leta sahani yako ukae hapa, utaanza wewe."

Kabura hakukumbuka baadaye alivyofika mlango wa pili. Alijikuta amesimama jikoni kwa Nasimiyu, mkono wake mweusi wa makaa juu ya kifuniko cha sufuria ya moto, akiungua wala hasikii.

"Mimi nilipika hii kitu," alisema. "Kule Kitale, kambini. Niliosha kama wewe. Maji ikatoka safi kama hiyo yako. Nikampakuria mume wangu kwanza. Akakufa."

Nasimiyu alishusha upawa. "Ulimpa bwana yako?"

"Na hii mkono."

Nasimiyu, mwanamke mwema, alichukua vitambaa akaishika sufuria akaenda kuimwaga shimoni nyuma ya ploti, akafukia na jembe ili kuku wasichakure. Watoto walilia hadi wakachoka. Wabwile aliporudi akakuta hana mbegu na hana chakula, alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Hakuna aliyekuja kumwambia Kabura asante, na kusema kweli angeshukuriwa nini? Mtoto aliyekufa huonekana. Ambaye angekufa lakini hakufa yuko tu, analia njaa kama wengine. Kabura hakujua kama aliokoa mtu au aliwanyima watoto chakula cha jioni. Hadi leo hajui.

Kile alichojua ni kwamba kufikia Jumatano, penye mfereji wa maji, habari ilikuwa imeshapata miguu. Nasimiyu alimwambia dada yake tu, na dada yake akamwambia mtu mmoja tu. Ati yule shosho wa makaa alimpikia mzee wake sumu. Amesema mwenyewe, na mdomo wake. Ndiyo maana alihama Kitale. Ndiyo maana hapiki. Hapo kila mtu akakumbuka kwamba kweli hajawahi kuona moshi kwa Kabura, na lisemwalo lipo. Makaa yake yakakosa mnunuzi. Mikebe ikapigwa teke na mtu asiyejulikana. Wanawake waliokuwa wakimsalimia wakawa wanapita wakitazama upande mwingine, na watoto wa Nasimiyu, wale wale, wakakatazwa kumsogelea. Shukrani ya punda.

Ungefikiri angekana. Maneno machache yalitosha: mume wangu alikufa kwa mapafu, waulizeni watu wa Moi's Bridge. Lakini mtu akikana hilo, ataulizwa, sasa uliyempakulia ni nani? Kabura alilipima jambo lile usiku na mchana. Kati ya kumuua mzee na kumuua mtoto, watu watakusamehe mzee. Tena mzee alikuwa amekufa zamani, hawezi kuudhika. Basi akanyamaza tena. Mwaka uliopita alikuwa amemsingizia Mungu kwa kunyamaza, na sasa kwa kunyamaza akamsingizia marehemu kifo kisichokuwa chake, yeye mtu mpole ambaye hakuwahi hata kumwinulia sauti. Alijiona mchafu kuliko makaa yake.

Kanisa nalo likasikia. Jumapili baada ya ibada, Hesbon, mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole, alimwomba abaki. Wakaketi katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, Hesbon na wazee wawili, pamoja na Nasimiyu aliyeitwa kwa sababu maneno yalitoka kwake. Nasimiyu alikuwa anakunja na kukunjua leso yake. Kabura aliketi kwenye benchi. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

"Mama," Hesbon alianza, "hatukuketi hapa kukuhukumu. Ni maneno tu yamezidi. Watu wanasema ulimpa bwana yako chakula chenye sumu akafariki. Tunataka tusikie kutoka kwako."

Kabura alitazama sakafu. Kisha kivuli kikaanguka juu ya sakafu ile, na kabla hajainua uso alimjua mwenye kivuli.

Ciru alikuwa amesimama kizingitini. Alikuwa amekonda. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi na vumbi la safari miguuni, na hakuingia, alisimama pale pale ambapo kanisa linaishia.

"Nimesikia sokoni," alisema, na hakuwasalimia. "Kuna mama anatoka huku kuuza ndizi Kitale, anaitwa Fridah. Akaniambia ati mama yako alimuua baba yako na mahindi ya mbegu." Aliwatazama wazee, si mamake. "Mimi ndiye binti yake. Baba yangu alikufa hospitali, ugonjwa wa mapafu, mwaka wa El Nino. Nilikuwa hapo nimeshika miguu yake. Mama yangu hakumuua baba yangu."

Chumba kizima kilishusha pumzi. Nasimiyu akaanza kulia kwa aibu. "Haki mimi nilisikia vibaya," alisema. "Shosho nisamehe."

"Basi Mungu ni mwema," Hesbon alisema, na alikuwa amefurahi kweli. "Kwa hivyo, mama, ilikuwa ni uvumi tu? Tuandike hivyo, tuwatangazie watu Jumapili ijayo, na jina lako lisafishwe?"

Hapo ndipo Kabura alipoinua uso akamtazama binti yake. Ciru alikuwa anamtazama pia sasa. Macho yake yalikuwa makavu. Na Kabura akaelewa, kama mtu anavyoelewa kwamba nyumba inaungua. Dunia nzima ingeweza kusikia maneno yale, nikampakulia mume wangu kwanza, na isielewe. Mtu mmoja tu duniani alimjua mume wa Kabura alikuwa nani. Maneno yalikuwa yamekosewa na Nasimiyu, yakabebwa na dada, yakapanda na ndizi hadi Kitale, yakamkuta mwenyewe. Ciru alikuwa anajua. Alijua tangu sokoni. Alikuwa amesafiri kuja kumtetea mamake mbele ya watu kwa neno la kweli, kisha akamwachia mlango wazi aone atatoka kwa njia gani.

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Jina safi, makaa yauzwe, na Ciru labda angenyamaza. Kabura alihisi ndiyo ile ikiwa tayari ulimini. Mwaka mzima alikuwa amemwomba Mungu aligeuze kosa lake, alitengeneze, alifanyie dawa, na mwaka mzima alikuwa amemficha Mungu asilione. Mkono uliokuwa umeungua ulikuwa unampwita.

"Si uvumi," alisema.

Hesbon alikunja uso. "Lakini huyu binti anasema—"

"Anasema ukweri. Baba yake hakufa na mkono wangu." Aliwageukia wazee. "Kwetu, mtoto akibeba jina ya bwana yako, unamwita mume wangu. Nilikuwa na mjukuu. Gathii. Mtoto wa huyu. Walituletea mbegu kambini wakasema si ya kura, na nikasikia, na nikapika. Nikampakuria kwanza kwa sababu ni yeye mwenye nyumba. Watu wakasema ni maji. Nikawaacha waseme. Mchungaji akasema Mungu amempenda zaidi, nikamwacha aseme." Akamgeukia Ciru. "Mama, Mungu hakumchukua. Ulikasirikia mtu asiye na makosa. Ni mimi."

Hesbon alikuwa mtu mzuri, na watu wazuri huogopa kimya, kwa hiyo akasema Mungu alikwisha kumsamehe, damu ya Yesu imekwisha kumwagika, asijitese tena. Yote hayo ni kweli na yote yalipita juu ya kichwa cha Kabura kama ndege. Wakasimama wakaomba. Kabura hakufumba macho. Aliangalia kizingiti, ambapo Ciru alikuwa amesimama wakati wote wa maombi, hakuingia na hakuondoka.

Walitembea hadi ploti, Ciru mbele na mamake nyuma. Chumbani Ciru aliketi juu ya gunia, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na nguo.

"Alikula yote?" aliuliza.

"Yote."

"Aliniita?"

Kabura alitamani kudanganya, safari hii kwa huruma tu, lakini akajizuia. "Alikuita. Aliita 'Ciru', hakuita 'mama'. Alikuwa anakuita vile mimi nakuita wakati nimekasirika."

Ciru alijifunika uso na mikono miwili, akalia kwa sauti ambayo Kabura hakuwahi kuisikia hata kaburini. Kabura hakumgusa. Alijua hana ruhusa. Alisimama pale akilia naye, mikono imening'inia, hadi kilio kikaisha chenyewe.

"Mwaka mzima ulinisikia nikimtukana," Ciru alisema.

"Nilikusikia."

"Ukaona afadhali nimpoteze Mungu kuliko nikupoteze wewe."

"Ndiyo."

Ciru aliuvuta mfuko wake wa plastiki. Ndani mlikuwa na unga, kabichi na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Akauweka sakafuni kati yao. "Nina njaa," alisema. "Sijakula tangu jana. Pika."

"Mama, mimi siku hizi sipi—"

"Pika."

Kabura aliwasha jiko kwa makaa yake mwenyewe yaliyokosa mnunuzi. Moshi ukatoka kwa mlango wake, na watu wa ploti wakatoka nje kutazama. Mkono ulioungua haukuweza kushika mwiko, akasonga ugali kwa mkono mwingine, vibaya, ukatoka na madonge. Alikata kabichi. Aliosha kabichi ile, akaiosha tena, akaiosha tena, akitazama maji, hadi Ciru akasema, "Imetosha."

Akapakua. Kwa mazoea ya mwili tu akaijaza sahani ya kwanza, akamnyooshea binti yake kwa mikono miwili. Ciru aliipokea, akaitazama muda mrefu. Kisha akaisukuma sakafuni hadi ikagusa goti la mamake.

"Anza wewe," alisema.

Kabura akaketi chini. Alimega, akatowelea kabichi, akatia mdomoni. Ciru alimtazama akitafuna, akamtazama akimeza, hakuondoa macho. Alimtazama hadi akamega tonge la pili, na la tatu. Kwenye mlango watoto wa Nasimiyu walikuwa wamesimama kwa mstari, wametoroka kwao kwa kufuata harufu.

Ndipo Ciru akajipakulia. Kabla ya kula aliinamisha kichwa juu ya sahani, na midomo yake ikawa inasogea, kidogo, kama mlango wa nyumba iliyofungwa siku nyingi. Kabura alisikia neno moja tu la maombi yale, nalo lilikuwa ni jina la Mungu. Mwaka mzima hakuwa amelisikia kinywani mwa binti yake ila kwa kulaaniwa.

"Yeye nimemwomba msamaha njiani," Ciru alisema alipoinua uso, akinawa. "Wewe, bado sijakusamehe."

"Sawa, mama," Kabura alisema, na akasogeza sufuria, awapakulie na wale watoto mlangoni.